Nati za Ndani

Tuwan, Kitale
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba na Mama, kwa kaka Mwakio, na kwenu nyote mtakaoketi sebuleni kwetu Wundanyi siku ya Alhamisi,

Lau ningekuwa nanyi, ningesimama karibu na mlango kama tulivyofunzwa, nikaomba ruhusa kabla ya kufungua kinywa. Umbali umeninyima mlango huo, basi naomba ruhusa kwa kalamu. Baba, goti lako limekubali ngazi za kanisani au bado unaketi benchi la nyuma? Mama, macho yako yanaendeleaje tangu upewe miwani mipya? Huku mvua za masika zimeingia kwa kishindo. Wakulima wanashukuru, mahindi yamefika magotini, na ng'ombe wanakwama kwenye mazizi yaliyogeuka matope. Mimi ni mzima wa afya. Neno hilo, kama mtakavyosikia, siliandiki kwa mazoea.

Ninamwomba dada Wakesho ndiye aisome barua hii, kwa sauti, asiruke mstari. Na ninamwomba kaka Mwakio asimpokonye karatasi, hata atakapolisikia jina lake. Ningeweza kupiga simu. Lakini simu hukatwa, simu huitikiwa na mtu mmoja, na mtu mmoja hupata huruma akawafikishia wengine nusu ya habari. Hili ni jambo la kikao kizima.

Jumatatu inayofuata kikao chenu wazee wetu watapanda basi, washuke Bungoma, na mimi ndiye niliyeahidi kuwachukua kwa landrova ya Baba hadi mlimani kwa Mzee Wanjala, kuzungumza mahari ya binti yake Nasimiyu, mchumba wa kaka Mwakio. Mwezi uliopita niliandika kwamba gari liko tayari. Halikuwa tayari, na nililifanya kuwa la hatari kwa mikono yangu mwenyewe. Nataka mlijue hilo kabla mguu wa mtu yeyote haujakanyaga ngazi ya basi.

Baba, uliponikabidhi gari lile miaka sita iliyopita, ulinipa sharti moja tu. Hukusema nisilikopeshe wala nisilipeleke porini. Ulisema, "Usibadilishe magurudumu. Tairi jembamba hukata tope likaitafuta ardhi ngumu. Tairi pana huelea juu ya tope kama mgeni asiyetaka kuvua viatu." Nilicheka siku ile. Sharti nililielewa, na nililishika mpaka mwaka huu.

Kaka Mwakio, bila shaka unakumbuka siku uliponitumia kwa lori zile rimu nne pana na matairi yake. Uliniambia, "Dada, wakwe wasituone tunakuja na magurudumu ya baiskeli." Ulikuwa na furaha, nami sikutaka kuipunguza. Nikazifunga uani. Rimu zilikaa vizuri hadi nilipougeuza usukani mpaka mwisho: tairi la mbele likasugua springi, likaacha alama nyeusi kama ya makaa. Gari lililokuwa likipinda kona za Taita kwa utulivu, sasa lisingeweza kugeuka kwenye ua wa nyumba bila kulalamika.

Nikaenda kwa Bwana Gurdial, mwenye duka la vipuri mjini hapa, ambaye baba yake alikuwa fundi wa mashine ya kukereza chuma kabla yake. Huyu ni mzee wa kilemba cha buluu na maneno machache. Alitoka nje, akachuchumaa, akapima kwa kipimo chake cha chuma, akasimama akijifuta mikono.

"Daktari, hii rimu nani alichagua?"

"Kaka yangu."

"Alichagua na macho?"

Akaigonga rimu kwa kipimo chake.

"Rimu unachagua na vitu vitatu kwanza. Tundu ya nati ni ngapi na ziko mbali namna gani. Tundu ya katikati, ikalie habu bila kucheza. Halafu uso wa rimu, umeingia ndani ama umetoka nje kiasi gani. Upana ni ya nne. Kaka yako ameanza na ya nne."

Nikamwuliza kuhusu spesa. Kwa wale wasiozijua, hizi ni duara nene za alumini zinazofungwa kati ya habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, na rimu, ili gurudumu lisogezwe nje na tairi lisiguse springi. Spesa hukazwa kwenye habu kwa nati zake za ndani. Kisha rimu hufungwa juu ya spesa kwa nati za nje. Gurudumu likishafungwa, nati za ndani hazionekani tena.

Hakutaka kuniuzia. "Spesa ni mkongojo," alisema. "Mguu mzima hautaki mkongojo. Rudisha hii rimu, tafuta ingine yenye uso sawa, utaendesha mpaka uzeeke." Nikamwambia wageni wanakuja, na kaka ataumia. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayenunua dawa ya ng'ombe kwa ajili yake mwenyewe. Hatimaye akatoa aina mbili. Ile nyembamba aliikataa yeye mwenyewe, kwa sababu ncha za bolti za habu zingechomoza na kuizuia rimu kukaa sawasawa. Akanipa nene, yenye tundu la katikati linaloikumbatia habu yetu. Kisha akainua kidole.

"Chuma kwa chuma. Hakuna grisi, hakuna rangi, hakuna vumbi katikati. Kaza. Endesha kidogo. Toa gurudumu, kaza nati ya ndani tena. Ya ndani, umesikia? Ya nje kila mtu anaona."

Niliyasikia, wazazi wangu. Nimesoma miaka mingi kuliko wengi waliomo sebuleni humo, na maneno yale hayakuhitaji shahada.

Lakini spesa zilikuwa mpya, zikimetameta kama sufuria ya harusi. Kila nilipolitazama gari, nilikuona wewe, Baba, ukishuka Bungoma, ukilizunguka mara moja huku mikono ikiwa nyuma, kama ulivyofanya kila asubuhi ya utoto wetu, kisha ukiinama. Ungeziona kabla hujanisalimu. Ndipo nikazifungua, nikazipeleka kwa Fundi Barasa, anayepaka mageti rangi hapa Tuwan, nikamwambia azipake kijani cha gari.

"Pande zote?" aliuliza.

"Pande zote."

"Sawa, Daktari. Hata ukiziweka kwa sahani, utadhani ni sukuma wiki."

Akazipaka rangi mara mbili, nami nikazianika juani siku mbili. Siwezi kukiambia kikao kwamba nilisahau maneno ya Bwana Gurdial. Niliyakumbuka wakati nikizifunga. Nilijiambia kwamba rangi ni kitu chembamba kuliko ukucha, na ukucha hauwezi kuangusha gari. Ndivyo nilivyojiambia.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda mji wa Kwanza, kwenye shamba la mkulima ambaye ng'ombe wake alishindwa kuzaa. Ndama alitoka hai, nikarudi jioni nikiimba. Kesho yake nikazijaribu nati za nje zote ishirini kwa spana. Hazikusogea hata upana wa unywele. Za ndani sikuzigusa. Kuyafungua magurudumu yote manne ni kazi ya nusu siku, mvua ilikuwa ikinyesha, na nati za nje zilikuwa zimenipa jibu nililolitaka.

Jumatano iliyopita nikaenda Bungoma kuijaribu njia. Nilimpitia Senge Nekesa, dada yake Mzee Wanjala, pale Kibabii, anakofanya kazi Nasimiyu. Huku senge ni shangazi wa upande wa baba, na katika ndoa ya binti neno lake huwa zito kuliko la wajomba wote. Ndiye aliyetaka tupande pamoja, kwa sababu, alivyosema, wageni wa mahari hawaulizi njia barabarani. Alilitazama gari kuanzia taa hadi mkia.

"Ha! Hii gari imenona," akasema, akapanda upande wa kushoto, akaliweka pochi lake magotini kama mtu aliyefika.

Kwenye lami hadi Chwele hatukusikia kitu. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda, nikausikia mlio: tik, tik, tik, kila tulipokwenda polepole. Nilipoongeza mwendo, ukapotea. Nikasimama. Nikazijaribu nati za gurudumu la mbele kushoto. Zote zilikuwa zimekaza.

"Ni nini?" akauliza Senge.

"Jiwe dogo limekwama, Senge."

Tukapanda. Mzee Wanjala alitupokea kwa heshima iliyonifanya nione haya; alikuwa amekwisha kufyeka mahali pa kuegesha gari la wageni, na alinionyesha mahali ambapo Baba ataketi, penye jua asubuhi na kivuli mchana. Nikanywa chai bila kuionja. Masikio yangu yalikuwa nje, kwenye gari lililozimwa.

Tulipoanza kushuka, mlio ulirudi, na safari hii haukuja peke yake. Usukani ulianza kutetemeka mikononi mwangu, kwanza kidogo, kama mkono wa mtu mwenye homa, kisha kwa namna ambayo hata Senge aliiona. Barabara ile ni nyembamba. Kushoto kuna bonde, na chini ya bonde kuna mto ambao siku ile ulikuwa mwekundu kwa udongo. Sehemu ya kusimama ilikuwa mbele, baada ya kona, nami nikajipa moyo kwamba tutaifikia.

"Daktari," akasema Senge, "hiyo sauti haijatoka."

"Ni lile jiwe."

"Si uliitoa?"

"Labda lingine."

Akanigeukia mwili mzima. "Ng'ombe yangu ikilia hivi, utaniambia ni jiwe?"

Nikakanyaga breki pale pale, katikati ya mteremko, kabla ya kona. Nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikaingiza jeki, nikafungua nati tano za nje, ambazo, nawaapia, zilinitoa jasho kwa kukaza kwake. Nikalivuta gurudumu. Nati mbili za ndani zikaangukia kwenye kiganja changu.

Zilikuwa zimejifungua zenyewe, zikawa zinazunguka ndani ya uwazi wa rimu; ndizo zilizokuwa zikigonga. Ya tatu niliizungusha kwa vidole viwili. Ya nne ilikuwa mahali pake, lakini bolti yake ilikuwa imekatika. Lile gurudumu, na sisi wawili, na pochi la Senge, tulikuwa tumeshikiliwa na nati moja. Kati ya spesa na habu hapakuwa na chuma kwa chuma. Palikuwa na unga wa kijani. Rangi ilikuwa imesagika, ikaondoka, ikaacha mwanya, na nati zikalegea ndani ya mwanya ule wakati mimi nikizisifu zile za nje.

Bonde lilikuwa upande wa kushoto. Gurudumu lilikuwa la kushoto. Kiti kile, Baba, ndicho nilichokuwa nimekutengea wewe, na nilikuwa nimekwisha kukitandika blanketi kwa ajili ya goti lako.

Senge aliinama, akaichovya ncha ya kidole kwenye ule unga, akautazama.

"Rangi ni ya nini huku ndani, mahali hakuna mtu ataona?"

Ningeweza kumtaja Fundi Barasa. Jina lake lilifika hadi ulimini. Lakini zile nati mbili zilikuwa bado kiganjani mwangu, na mtu aliyeshika ushahidi hana la kubuni.

"Ni ya kumficha baba yangu, asione spesa."

Akakifuta kidole kwenye majani. Kisha akapiga makofi mara moja, kofi kavu.

"Bana! Mtu mzima, amesoma, anatibu ng'ombe za watu, anaogopa baba yake mpaka anataka kuniua mimi?"

Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja, naye akacheka, tukashikana mabega pale barabarani kama walevi. Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Akakaa juu ya jiwe, akaniambia haya, nami nayaandika kama alivyoyasema, maana ndiyo yaliyonikalisha kwenye meza hii:

"Sikia. Kwa ndugu yangu Wanjala sitasema. Hiyo ni yako, upeleke kwa baba yako. Lakini siku wazee wenu watafika, nitasimama mbele ya watu, nimwulize baba yako kama alikuja akijua. Akisema anajua, nitampikia kuku na mkono yangu. Akisema hajui, mahari haitaongelewa hiyo siku."

"Senge, kwa sababu ya gari?"

"Gari ni chuma, litatengenezwa. Nyumba inaficha mzazi wake nati. Kesho itaficha msichana wetu nini?"

Wazazi wangu, nimezungumza mbele ya mabaraza ya wakulima, nimejibu maswali ya machifu. Siku ile nilizikunja zile nati mbili ndani ya leso, nikaenda kutafuta msaada.

Gari halikusogea tena kwa magurudumu yale. Vijana wa shamba jirani walitusaidia kulisukuma hadi uani kwao, na asubuhi yake mwenye gari la maziwa akaniletea yale manne membamba niliyoyaacha Tuwan. Nilizitoa spesa zote. Katika mbili za nyuma nati za ndani zilikuwa zimeanza kulegea pia. Ni ile ya mbele kulia pekee iliyokuwa imesimama imara, na sijui ni kwa rehema gani. Nikashuka polepole hadi Kitale. Bwana Gurdial alibadilisha bolti zote tano za habu ile, akizikataa hata zile zilizoonekana nzima, akazikagua beringi za pande zote. Hakunigombeza. Alizipanga spesa juu ya kaunta, akaikwaruza rangi kwa ukucha, akanisogezea. Ningependa zaidi angenitukana.

Nasimiyu nimemwambia jana. Aliuliza kwanza kama Senge aliumia, kisha akauliza kama nimekwisha kuwaandikia nyinyi. Nikamwambia kesho. Akasema, "Kesho si mbali," akaniaga.

Kaka Mwakio, nakusemesha wewe sasa, mbele ya wote. Zawadi yako ipo, imefunikwa turubai, haina kosa lolote ila kwamba ilichaguliwa kwa ajili ya gari lingine. Mtu asikulaumu kwa rimu. Ungeniuliza vipimo ningekupa, na lau mimi ningekuambia ukweli siku ile zilipofika, usingehitaji kusikia leo. Tulitaka wakwe waone nyumba yenye kishindo. Kwa hayo tulikuwa wawili. Rangi ilikuwa yangu peke yangu.

Na wewe, mjomba wetu utakayekuwa msemaji, nakujua: utataka kulilainisha jambo hili, useme gari lilipata hitilafu kidogo, limetengenezwa, tuendelee na ajenda. Nakuomba usilainishe. Litakuja kusemwa kule mlimani kwa sauti ya mwanamke asiyejua kulainisha, na nataka limkute Baba akiwa amekwisha kulisikia kutoka kwa mwanawe.

Kikao kiamue. Mkiona ni heri kukodi gari jingine Bungoma, nitawatafutia lenye dereva mzee na matairi membamba, nami nitatangulia kuwafungulia lango, wala sitanuna. Mkiona tarehe isogezwe, nitampelekea Mzee Wanjala habari hiyo mwenyewe na kumweleza sababu, yote, bila kupunguza. Lakini mkikubali kupanda langu, nina ombi moja. Nitalileta Bungoma siku moja kabla yenu, na mtakapofika mtalikuta uani likiwa juu ya magogo, magurudumu manne yameegemezwa ukutani. Baba, utaketi kwenye kigoda. Mimi nitayafunga mbele yako, nati baada ya nati, chuma kwa chuma, nawe utaishika kila moja kwa mkono wako kabla sijaigusa inayofuata. Ikichukua asubuhi nzima, wazee watakunywa chai. Usiniamini mpaka uishike ya ishirini. Na Senge atakapokuuliza, umjibu lililo kweli, liwe zuri kwetu au liwe baya.

Msalimieni Bibi, mwambieni nimeacha kukaa na njaa. Salamu kwa mjomba msemaji, ambaye natumaini hajakasirika. Kwa shangazi anayeshona sare za kwaya. Kwa shemeji, mume wa dada Wakesho, anayewafikisha wazee kituoni. Na kwa jirani yetu mwalimu mstaafu, aliyenifunza kwamba barua nzito huanza na jambo lenyewe. Leo nimechelewa kidogo kulifikia, anisamehe.

Mama, kwako sina neno la ziada. Uliponizaa ulinipa mikono miwili, na sasa najua kazi ya kila mmoja: mmoja ukaze nati, mwingine uandike ukweli.

Nasubiri uamuzi wenu Alhamisi jioni. Simu itakuwa mezani.

Ni mimi, mtoto wenu wa pili, niliyewaficha na sasa nimesema,

Mghoi